Magadi ya Kariakoo na meno ya kahawia

Soko Kuu la Kariakoo, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli iliyofunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa Julai 10, 2021. Tangu hapo mjadala wa kulijenga upya umekuwa wa mabilioni, vizimba na majina ya watakaorudi. Sijasikia mtu akiulizia magadi. Na bado kwa miongo mingi mawe hayo ya kijivu yamepangwa mafungu jirani na dagaa, ulezi na viungo, yakaishia kwenye sufuria za maharage, makande na mlenda za Ilala, Temeke na Kinondoni. Ndani yake mna floraidi, na wataalamu wetu wenyewe walishatuonya.

Mtu wa Dar akisikia floraidi huwaza watu wa kaskazini. Vijana kutoka Meru, Arusha na Hai wanaokuja kusoma au kutafuta maisha hapa mjini wamechekwa kwa meno yao ya kahawia na kuambiwa hawajui mswaki. Huo ni uonevu, na umekaa mno. Rangi ile haiko juu ya jino, imo ndani. Floraidi ikizidi mwilini mwa mtoto wakati meno yake ya kudumu yanajengeka fizini, yaani hadi umri wa miaka minane hivi, ganda gumu la jino hutoka na kasoro, likapata madoa na hata kumeguka. Kusugua kwa mkaa au mchanga ni kulimaliza jino bure.

Wamarekani walihangaika na fumbo hilo miaka 30. Daktari wa meno Frederick McKay aliyaona madoa hayo Colorado mwaka 1901, na sababu ikapatikana mwaka 1931, maji yalipopimwa. Ikajulikana pia kwamba floraidi kidogo hulinda jino lisioze, ndiyo maana imo kwenye dawa za meno tunazonunua Mtaa wa Kongo.

Kwetu, jina la kukumbukwa ni Michael Latham, daktari mzaliwa wa Kilosa aliyeongoza kitengo cha lishe cha Wizara ya Afya. Mwaka 1964 yeye na mwenzake Grech walichapisha taarifa yao kuhusu wakazi wa kaskazini mwa Tanganyika. Hawakuishia kwenye meno. Picha za eksirei zilionyesha mifupa iliyobadilika, na wapo ambao migongo ilikuwa imekakamaa. Chanzo kikubwa kilikuwa maji yanayopita kwenye miamba ya volkano. Maji ya magadi huwa na kalsiamu kidogo, kwa hiyo hakuna cha kuishika floraidi ikatulia chini. Kuyachemsha hakusaidii, maana mvuke hutoka na floraidi inabaki.

Kisha ukaja uamuzi mgumu. Mpango wa miaka 20 wa maji vijijini ulianza mwaka 1971, na visima vingi vya ukanda ule visingeweza kufikia kipimo cha kimataifa, ambacho leo ni miligramu 1.5 kwa lita. Mwaka 1974 Tanzania ikaweka kiwango cha muda cha miligramu 8. Hoja ilikuwa kwamba kisima kikifungwa, mama atarudi kwenye dimbwi na mtoto atakufa kwa kuhara. Naielewa hoja hiyo. Lakini waliolipa gharama ya neno “muda” ni watoto waliokua wakinywa maji yale, na muda wenyewe ulikwenda mbali.

Tuje sasa kwenye sufuria. Katika vijiji kadhaa nchini, hesabu za maji zilikataa kulingana na meno. Maji yalipimwa yakakutwa na floraidi ndogo, chini ya miligramu moja kwa lita, na bado watoto walikuwa na madoa mazito. Aliyelifuatilia jambo hilo ni Mtanzania, Mabelya, akishirikiana na wataalamu wa Nijmegen, Uholanzi. Katika makala waliyochapisha mwaka 1992 waligeuza macho kutoka kisimani hadi jikoni. Vijiji vilivyopikia magadi vilikuwa na meno yaliyoharibika zaidi kuliko vijiji visivyoyatumia, ingawa maji yao yalifanana.

Kwangu huo ndio ukurasa muhimu kuliko zote katika historia hii, kwa sababu unaivunja ile hadithi ya “maji ya kaskazini”. Maji ya Ruvu tunayokunywa Kariakoo hayana kasoro hiyo, lakini magadi husafiri kwa lori. Wala hayalingani. Yapo yenye floraidi ndogo, na yapo yenye maelfu ya miligramu kwa kilo, kutegemea ziwa yalikotoka na jinsi yalivyokusanywa, kama ni mawe safi ya fuwele au yamekombwa juu ya udongo. Kwenye fungu yote ni magadi. Mpishi hawezi kuyatofautisha kwa jicho wala kwa ulimi, na mtoto wa miaka mitatu hula chungu kimoja na wazazi wake.

Mwaka 1995 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Ngurdoto, Arusha, kwenye kituo cha serikali kinachochuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng’ombe. Miaka minne baadaye utafiti mwingine wa Arusha ulionyesha kuwa watoto wa familia zisizokula nyama walikuwa na madoa hafifu kuliko wenzao wa eneo hilo hilo. Chakula tena.

Ya karibuni ni machache. Kiwango cha floraidi kwenye maji kilishushwa hadi miligramu 4, na sasa ni 1.5. Arusha imepata mradi mkubwa wa maji. Upande wa magadi, mnunuzi bado hupewa kwenye mfuko mtupu, bila jina la ziwa wala kipimo. Kutoka sokoni hadi Muhimbili, ambako madaktari wa meno wa nchi hii hufundishwa, hazifiki kilomita tatu. Uongozi wa soko uchukue sampuli za kila shehena, uzipeleke huko, na kila kizimba kibandike majibu mahali mnunuzi atakapoyaona.