Uwanja Katikati ya Mji: Kandanda na Wanawake Waliokosa Makazi

Mwanamume aliyekosa makazi huonekana na kila mpita njia: hulala barazani mwa maduka, huota jua katika viti vya bustani, na karani wa serikali apitapo usiku na daftari lake humhesabu bila ya taabu. Mwanamke aliyefikwa na msiba huo huo aghalabu haonekani, kwa kuwa hofu ya usiku humfundisha kujisitiri. Leo hulala kwa shoga yake, kesho kwa shangazi, mtondo kwa mtu asiyemtakia heri, na wengi katika wanawake hao hawakufukuzwa na mwenye nyumba bali walitoka wenyewe, mtoto mkononi na furushi kwapani, wakiukimbia mkono wa mume. Ndiyo maana miji mingi ya Ulaya na Marekani, iliyokuwa ikiwahesabu wale tu walalao njiani, iliwapunguza wanawake katika daftari zake, na msaada uliopangwa kwa kufuata daftari hizo ukawaendea zaidi wanaume. Nimelitanguliza jambo hili kwa sababu historia ya kandanda ya watu wasio na makazi, ambayo kwa kawaida husimuliwa kuwa habari njema ya mpira na umaskini, haifahamiki sawasawa kwa upande wa wanawake mpaka ijulikane kwanza jinsi walivyokuwa wamefichika.

Kulikuwa na pingamizi nyingine, kongwe zaidi, nayo ni marufuku ya mpira wenyewe. Katika mji wa Preston, Uingereza, wafanyakazi wa kike wa kiwanda cha Dick, Kerr, kilichokuwa kikitengeneza zana za vita, walianzisha timu mwaka 1917. Na tarehe 26 Desemba 1920 walicheza katika kiwanja cha Goodison Park, Liverpool, mbele ya watazamaji wapatao 53,000, nao walikuwa na desturi ya kuzitoa fedha za viingilio kwa majeruhi na wahitaji wa vita ile. Mwaka haukutimia kabla ya chama cha kandanda cha nchi hiyo, tarehe 5 Desemba 1921, kuvikataza vilabu vyake kuwapa wanawake viwanja, kwa hoja ya kwamba mchezo huo hauwafai. Na katazo hilo likadumu takriban nusu karne. Brazil ikaweka amri ya namna hiyo mwaka 1941, isiondolewe mpaka 1979. Ujerumani Magharibi ikawazuia wanawake wake toka 1955 hata 1970. Msichana aliyekulia katika miaka hiyo alitazama kaka zake wakicheza, naye alipokuwa mtu mzima na dunia ikamgeuka, hakuwa na hata mchezo wa utotoni wa kuurejea.

Mlango ulifunguliwa na watu wa magazeti. New York mwaka 1989, kisha London mwaka 1991 kwa gazeti la The Big Issue, ulizuka utaratibu wa magazeti yanayouzwa barabarani na watu wasio na makazi, ambao hununua nakala kwa bei ya chini na kuibakiza faida mfukoni mwao. Mel Young, Mskoti aliyeshiriki kuliasisi gazeti la Big Issue la Scotland mwaka 1993, na Harald Schmied, mhariri wa gazeti la Megaphon la mji wa Graz nchini Austria, walikutana Cape Town mwaka 2001 katika mkutano wa magazeti hayo, wakajiuliza namna gani wauzaji wenyewe, ambao hawakuwamo mkutanoni, wangeweza nao kukutana wakafahamiana. Jawabu lao lilikuwa kandanda. Mwaka 2003 Kombe la Dunia la Wasio na Makazi likachezwa Graz kwa mara ya kwanza, nchi 18 zikahudhuria, na Austria ikatwaa ushindi.

Kiwanja chenyewe ni kidogo: urefu wake mita 22, upana mita 16, kimezungushiwa mbao pande zote, na mpira ukigonga mbao hurudi mchezoni bila ya kurushwa. Kila timu huingiza watu wanne, mmoja wao golikipa, na wanne wengine hukaa nje wakipokezana nao. Mchezo wote ni vipindi viwili vya dakika 7. Mmoja katika wachezaji watatu wa ndani hana ruhusa ya kurudi nyuma kulinda, na kwa hivyo washambulizi watatu huwakabili walinzi wawili na golikipa wao, na mabao huingia kwa wingi. Sare haikubaliwi, timu zikilingana hupigiana penalti, mshindi akapata pointi mbili na mshindwa moja, ilhali ushindi wa ndani ya muda huleta pointi tatu. Mtu aliyezoea kandanda ya watu 11 huenda akaziona sheria hizi kuwa za kitoto. Mimi naziona kuwa za hekima, kwani mwanamke aliyeanza kuugusa mpira miezi michache iliyopita hawezi kusahauliwa katika kiwanja cha watu wanne: mpira utamjia dakika ya kwanza, utamjia na ya pili, na wenziwe hawana njia ya kwenda mbele isipokuwa kwa msaada wake.

Na kiwanja hicho huwekwa wapi? Katika bustani za Princes Street mjini Edinburgh mwaka 2005, katika uwanja wa Grand Parade mjini Cape Town mwaka 2006, mbele ya jumba la halmashauri ya mji wa Copenhagen mwaka 2007: yaani mahali pale pale pa fahari ambapo mtu asiye na kwao, akikaa kitako siku nyingine yoyote, huambiwa ainuke aende zake. Wanawake walikuwamo katika mashindano hayo ya mwanzo, lakini walikuwa wachache, wamechanganywa na wanaume timu moja, na aghalabu ndio waliokaa nje wakingoja zamu.

Geuzo lililo kubwa, kwa maoni yangu, lilitukia Melbourne mwezi wa Desemba mwaka 2008, lilipoanzishwa kombe la wanawake peke yao, na Zambia ikalichukua. Hoja ya kwamba kuwatenga wanawake ni kuwapunguzia hadhi ina nguvu yake mahali pengine, hapa haisimami. Mwanamke ambaye mateso yake yote yametoka mikononi mwa wanaume hawezi kutakiwa, siku ya kwanza ya kuuzoea mwili wake tena, akapigane vikumbo nao. Kwanza apate wenziwe waliopita alikopita, ambao mbele yao hana haja ya kueleza kwa nini ameshtuka mtu alipopaza sauti nyuma yake. Timu za mchanganyiko hazikuondolewa, na anayezipenda huzichezea.

Mwaka 2010 kombe hilo lilichezwa Rio de Janeiro, katika ufuko wa Copacabana, likabaki kwa wenyeji. Na mwaka 2011, Paris, katika uwanja wa Champ de Mars ulio chini ya mnara wa Eiffel, wanawake wa Kenya wakawashinda wenzao wa Mexico wakawa mabingwa wa dunia. Sisi wasomaji wa Kiswahili tunastahili kuitia tarehe hiyo katika orodha za fahari zetu za michezo, ambamo hukumbukwa kwa urahisi vijana wa kiume wa Tanzania waliolitwaa Kombe la Dunia la Watoto wa Mitaani huko Rio mwaka 2014, walipoifunga Burundi mabao 3 kwa 1, na ni nadra kusikia mtu akiwataja wale wanawake wa Paris.

Walakini kombe ni wiki moja tu katika mwaka, na kazi iliyo ya dhati hufanyika nyumbani. Scotland, kwa mfano, David Duke, aliyekuwa amekosa makazi akacheza katika mashindano ya Gothenburg mwaka 2004, alianzisha mwaka 2009 shirika la Street Soccer Scotland, ambalo huendesha mazoezi mwaka mzima, yakiwamo ya wanawake peke yao. Mwenye kuyaandaa mazoezi ya namna hiyo hujifunza upesi kwamba mpira ndio ulio rahisi kupatikana. La kutafuta ni nauli ya basi, viatu vya kuazima, mtu wa kuwaangalia watoto kando ya kiwanja, kocha mwanamke, na saa ya mchana ili mchezaji awahi kurudi kabla mlango wa nyumba ya hifadhi haujafungwa. Fauka ya hayo, ni lazima aihofu kamera. Picha moja gazetini yaweza kumjulisha mume anayemwinda mkewe mji anaoishi. Basi mwanamke aulizwe kwanza, na akikataa asipigwe picha wala asitajwe jina, japokuwa wafadhili hupenda sana kuona nyuso. Kuonekana kuna thamani kwa mwanamke huyu akiwa amekutaka mwenyewe, saa aipendayo, mbele ya watu awapendao. Kinyume cha hayo ni dhulma ile ile ya kwanza, imerudi kwa nia njema.

Mexico imeliweka jambo hili katika utaratibu kushinda nchi nyingine zote. Huko huchezwa kila mwaka mashindano ya taifa yaitwayo De la calle a la cancha, yenye wachezaji wa kike na wa kiume kutoka kila pembe ya nchi, na humo ndimo huteuliwa timu ya taifa. Wanawake wake walilichukua kombe mwaka 2012 na 2013, likaenda Chile mwaka 2014, kisha wakalirudisha mwaka 2015 wasiliachie tena hata Cardiff mwaka 2019. Hapo maradhi ya Korona yakayasimamisha mashindano miaka mitatu, na yalipofunguliwa upya Sacramento, Marekani, Julai 2023, Mexico ikashinda tena. Msomaji asidhani kwamba ni kikosi kimoja cha mashujaa kinachozunguka dunia, kwa maana sheria ya kombe humruhusu mtu kulicheza mara moja tu maishani mwake, na akitaka kurudi hurudi kuwa kocha, mwamuzi au mtumishi wa kujitolea. Jezi ya kijani iliyoingia uwanjani Sacramento ilikuwa ile ile ya Cardiff. Wanawake walioivaa walikuwa wapya wote.