Wawindaji wa Mnara na Wajuzi wa Kichuguu

Wapo Waingereza ambao Jumamosi yao huishia kwenye minara ya simu. Hawajaajiriwa na kampuni yoyote. Huzunguka na gari taratibu katika barabara za mashambani, simu mbili tatu zimepangwa kwenye dashibodi, kila moja na laini ya kampuni yake, huku aliyekaa kiti cha abiria akisoma namba zinazobadilika kiooni. Programu wanayoipenda inaitwa CellMapper. Kadiri simu inavyosogea, programu hiyo huandika utambulisho wa kila seli iliyonaswa, nguvu ya mawimbi yake na mahali simu ilipokuwa, kisha hupeleka taarifa hizo kwenye ramani moja inayojazwa na watu wa nchi nyingi. Mzoefu haridhiki na hapo. Huchukua namba ya seli ya 4G, akaigawa kwa 256, akapata namba ya mnara wenyewe. Baki ya hesabu humwonyesha ni seli ipi ya mnara huo inayomhudumia. Halafu huenda kuutafuta kwa macho, nyuma ya ghala au ndani ya mnara wa kengele wa kanisa, akairekebisha ramani mpaka alama ikae mahali pake.

Msomaji wa Korogwe au Kitui anaweza kusema hiki ni kichaa cha watu walioshiba bando. Shibe imo, sikatai. Ila huku kwetu nako mtandao unawindwa, tena na watu wengi kuliko hao wa Jumamosi. Nani hajaoneshwa kichuguu, jiwe au mwembe ambao simu "inashika" ukisimama chini yake? Mgeni akifika kijijini, baada ya maji ya kunywa anaelekezwa mahali hapo. Desturi zote mbili zinaanzia kwenye shida ileile ya mawimbi yasiyoonekana, lakini Mwingereza anautafuta mnara, na mtu wetu anatafuta mahali pa kusimama. Tofauti hiyo ndiyo inayonishughulisha hapa, kwa sababu nadhani ina nasaba ndefu kuliko simu zenyewe.

Kabla ya simu za mkononi kulikuwa na redio ya masafa mafupi. Ulaya na Marekani walikuwapo watu waliokesha wakiwinda vituo vya mbali: kadiri kituo kilivyokuwa mbali na dhaifu, ndivyo raha ilivyozidi. Walikuwa na kitabu chao cha rejea, World Radio TV Handbook, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Waliponasa kituo walikiandikia barua wakitaja saa, masafa na jinsi sauti ilivyosikika, na kituo kikajibu kwa kadi iliyoitwa QSL, kuthibitisha kwamba ni kweli mtu fulani alikisikia. Kilichotangazwa hakikuwa na uzito sana. Mtu aliweza kuhifadhi kadi ya kituo ambacho lugha yake haielewi hata neno moja.

Afrika Mashariki tuliyasikiliza mawimbi hayohayo. Radio Cairo ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1954, BBC mwaka 1957, Deutsche Welle mwaka 1963. Watu walifunga waya kwenye mti, wakaishika redio mkononi, wakaigeuza na kuiinua mpaka sauti itulie. Mbinu ni zilezile za yule mkeshaji wa Ulaya, lakini hapa zilikuwa gharama tu ya kupata habari. Taarifa ya habari ilipokwisha, redio ilizimwa kulinda betri.

Nasi tulikuwa na kadi zetu. Zilikuwa kadi za salamu, ambazo msikilizaji alizinunua, akazijaza majina ya ndugu na marafiki, akazituma Radio Tanzania au KBC zisomwe hewani. Angalia zilikokuwa zikielekea. Kadi ya QSL ilitoka kituoni kwenda kwa msikilizaji, ikishuhudia kwamba mawimbi yalifika. Kadi ya salamu ilitoka kwa msikilizaji kwenda kituoni, ikiyatumia mawimbi kuwafikia watu. Hakuna aliyetaka uthibitisho wa kiufundi, kwa sababu uthibitisho ni shangazi kukwambia wiki ijayo kwamba alikusikia. Kwa kina QSL mawimbi yalikuwa mawindo yenyewe. Kwa kina salamu yalikuwa njia ya kupita.

Simu ilipokuja ilizirithi tabia hizi bila kuzibadilisha sana. Programu za kupima kasi ni QSL mpya: unabonyeza, mshale unapanda, unapewa megabiti kwa sekunde, unapiga picha ya kioo na kuwaonyesha wenzako. Kuna watu wanaokata kifurushi kizima kwa kupima kasi ya kifurushi hichohicho, na hao sasa wapo Sinza na Kasarani pia, si Uingereza tu.

Kichuguu kina vipimo vyake. Maelekezo yake nimeyasikia katika vijiji vya milimani, ambako bonde moja linaona mnara na bonde la pili halioni kitu: panda mpaka pale juu, simama upande wa kushoto wa mkungu, usiishushe simu, laini ile ndiyo inayoshika, hii nyingine mpaka usogee kwenye njia, asubuhi mapema ni nzuri, jioni watu wakishatoka shamba inakuwa nzito, ukiwa na kitochi utapata kabla ya mwenye simu janja. Kila kipande cha maelekezo hayo kina sababu ya kihandisi. Mnara mmoja hugawana uwezo wake kwa wote wanaoutumia kwa wakati mmoja, ndiyo maana jioni hulemewa. Masafa ya chini, kama 900 MHz ambayo 2G hutumia mara nyingi, husafiri mbali na kuzunguka vizuizi vizuri kuliko 1800 au 2600. Simu janja iliyoachwa ijichagulie hung'ang'ania 4G dhaifu, kumbe 2G iliyopo ingetosha. Mwanakijiji huenda hajawahi kusikia neno desibeli, lakini vigezo vyote muhimu amevitaja: mahali, kampuni, saa na aina ya simu. Ramani nyingi za mtandao zinataja viwili tu vya kwanza.

Tena kuna swali la kinachowindwa. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, na kwa mwenye kitochi huduma hiyo haihitaji intaneti hata chembe. Ukibonyeza *150*00# ukiwa Tanzania, unachohitaji ni 2G isiyokatika kwa muda wa kuandika namba, kiasi na namba ya siri. Ikikatika katikati, unaanza upya, na moyo juu kama hela imekwenda au haikwenda. Mwenye programu ya kupima kasi akipanda kichuguu hicho atakipaka rangi nyekundu: megabiti hakuna, mahali pabovu. Kwa mama anayesubiri ada ya mtoto kutoka Dar es Salaam, hapo ndipo benki ilipo. Kipimo kimoja hakiwezi kuwahukumu wote wawili, na ramani ya kasi ikipewa jina la ramani ya mtandao imeshamwacha mmoja nje.

Hata hivyo nisije nikakipamba kichuguu kupita kiasi, kwa sababu desturi ya wenzetu ina meno ambayo yetu haina.

Ramani ambayo kampuni huitoa, ile yenye rangi iliyojaa nchi nzima, kwa sehemu kubwa hukokotolewa. Kompyuta hupewa urefu wa mnara, nguvu ya antena na sura ya ardhi, ikakadiria mawimbi yatafika wapi. Nchini Marekani mamlaka ya mawasiliano, FCC, ilitaka kugawa ruzuku ya zaidi ya dola bilioni 4 kwa maeneo ya vijijini yasiyo na 4G, ikizitegemea ramani hizo kuonyesha nani anayo na nani hana. Jimbo la Vermont halikuziamini. Mwaka 2018 mtumishi mmoja wa jimbo alipakia simu sita kwenye gari dogo akazunguka barabara za jimbo akipima, kwa namna ileile ya wale wa Jumamosi. FCC nayo ikatuma watu wake barabarani, na Desemba 2019 ikatoa ripoti iliyokiri kwamba ramani za kampuni tatu zilitia chumvi: katika majaribio ya barabarani, ni asilimia 62 hivi tu yaliyofikia kasi ya chini iliyoahidiwa na ramani. Mpango ule wa ruzuku ukaachwa.

Uingereza nako kuna kisa chake. Mwaka 2000 ripoti ya tume ya Sir William Stewart kuhusu simu na afya ilipendekeza wananchi waweze kujua minara iko wapi. Ikaanzishwa orodha ya wazi iliyoitwa Sitefinder, kampuni zikichangia kwa hiari. Hiari haikudumu. Mtu mmoja alipodai apewe data yote kwa sheria ya habari za mazingira, shauri likapanda ngazi kwa ngazi mpaka Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2011. Kampuni zikaacha kuleta taarifa mpya, na orodha ikachakaa. Anayetaka kujua mnara fulani ni wa nani na unatoa nini leo hana budi kuwauliza wapenda minara. Mchezo wa Jumamosi umechukua kazi ambayo dola iliiacha njiani.

Huku kwetu kichuguu hakijawahi kumshtaki mtu. Tunausema mtandao kama tunavyoisema mvua: leo unasumbua, kesho utatulia. Ukitusumbua mno tunanunua laini ya pili, na wengine ya tatu, tukaendelea na maisha. Ni ustadi, na pia ni kujisalimisha. TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na mwenzake wa Kenya hupima ubora wa huduma na kuchapisha matokeo, lakini ujuzi wa kijiji hauingii humo, maana haujawahi kutamkwa kama malalamiko. Hutamkwa kama ukarimu kwa mgeni.

Na asitokee mtu akasema hiyo ni hulka ya watu wa masimulizi wasiojua kuandika ramani. Ushahidi, mfumo uliozaliwa Kenya katika ghasia za baada ya uchaguzi mwanzoni mwa 2008, uliufundisha ulimwengu namna ya kujenga ramani kwa ujumbe wa watu wa kawaida. Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatoa wanafunzi na wakazi wa mitaa kwenda kuchora mifereji na nyumba zinazofurika. Kama ni mizizi ya mbali, mabaharia wa mwambao walisafiri kwa maelekezo ya aina ya Ahmad ibn Majid, nahodha wa Julfar wa karne ya 15 aliyeitungia shairi njia ya kwenda Sofala. Elimu yake ilikuwa maelekezo yenye masharti, ya nyota na ya msimu wa upepo, na bila masharti hayo njia haipo. Mwenye kichuguu anaongea lugha hiyo kuliko ile ya rangi iliyojaa nchi nzima.

Masharti ndiyo yanayonifanya niamini kwamba wapenda minara wana la kujifunza huku. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika upande wa kusini, na intaneti ikalegea Tanzania, Kenya na majirani. Simu zilionyesha vijiti vyote. Mwenye kupima nguvu ya mawimbi siku ile angeandika kwamba mambo ni mazuri. Mnara unaotegemea jenereta ukiishiwa dizeli hutoweka saa kadhaa na kurudi, na ramani inayochanganya vipimo vya miezi mingi haina habari. Baharini kuna kioja kingine: 2G imepangwa kwa zamu za muda mfupi mno, na simu iliyo mbali zaidi ya kilomita 35 hivi hukosa zamu yake, hata kama hewa ni safi na mawimbi yanafika. Kuna minara ya pwani inayorekebishwa ivuke mpaka huo; isiporekebishwa, mvuvi huona vijiti na simu isitoke. Ukimweleza hilo mpenda minara atafurahi usiku kucha. Mvuvi hataki kufurahi, anataka kujua arudi nyuma kiasi gani.

Kuna wanaodhani kilichoingia kwenye kompyuta kimeshaokoka. Mozilla ilianzisha mwaka 2013 huduma ya kukusanya mahali pa seli, watu wa kujitolea wakaijaza kwa miaka, kisha ikafungwa mwaka 2024. Tena ramani za umma hujazwa pale anapopita mwenye gari, simu janja na bando la kutosha, kwa hiyo hufuata lami. Kijiji cheupe kwenye CellMapper huenda hakina mtandao, au kina mtandao na hakina mpenda minara. Ramani haiwezi kukwambia ni lipi kati ya mawili hayo.

Swali hilo litaacha kuwa la kujifurahisha mapema kuliko tunavyodhani. Uingereza imeshazima karibu 3G yote, na kampuni zake zilikubaliana na serikali mwaka 2021 kwamba 2G nayo isivuke 2033. Wapenda minara watakesha wakirekodi seli ya mwisho ya 2G, na watakuwa na haki ya kuufurahia usiku huo. Hesabu hiyo ikifika huku, mtu atakaa ofisini na ramani mbele yake akiamua minara ipi izimiwe 2G na wilaya ipi iko tayari. Atakachokiona ni eneo lililofunikwa na 4G kwa hesabu ya kompyuta, pamoja na vipimo vya kasi kutoka barabara kuu. Mkungu, upande wa kushoto, asubuhi mapema, kitochi: hayo hayamo katika faili lolote atakalofunguliwa, na mwenye kuyajua hajawahi kuulizwa.