Kutoka Kang hadi Doom: Adui wa malimwengu mengi na biashara ya filamu ijayo

Julai 2021, katika sehemu ya mwisho ya msimu wa kwanza wa tamthilia ya Loki, mwanamume aitwaye He Who Remains aliketi mezani akitafuna tufaha na kuwaambia wageni wake kwamba wakitaka kumuua, ruksa. Wageni hao walikuwa Loki na mwenzake Sylvie. Aliwaonya tu kwamba yeye ndiye kizuizi pekee: akiondoka, watakuja wenzake wa malimwengu mengine, watu wenye sura ileile lakini wakali kuliko yeye. Sylvie akamchoma upanga. Kabla ya kukata roho, mtu huyo alimkonyeza na kumwahidi kwamba wataonana karibuni. Loki aliporejea makao ya TVA, shirika linalosimamia wakati, alikuta sanamu kubwa ya mtu yuleyule imesimamishwa pale zilipokuwa sanamu za watunza wakati watatu.

Hivyo ndivyo kampuni ya Marvel ilivyomtambulisha Kang, adui wake mkuu wa miaka iliyofuata: ilimuua kwanza.

Katika hadithi ya kawaida, adui akifa mambo yamekwisha. Lakini adui aliyepo katika kila ulimwengu hamaliziki, na kila akiuawa mmoja, mtazamaji anajua kuna mwingine njiani. Kwa studio inayopanga filamu zake miaka mitano mbele, hiyo ni mali. Kwa mtazamaji aliyelipa kiingilio cha leo, mali hiyohiyo inaweza kumwacha mikono mitupu, na historia ya adui wa aina hii tangu kwenye vitabu vya katuni inaonyesha ni lini hilo hutokea.

Mlango wa malimwengu mengi ulifunguliwa mwaka 1961. Kampuni ya DC ilikuwa imewafufua mashujaa wake wa miaka ya 1940 kwa majina yaleyale lakini watu wapya, na Flash wa zamani, Jay Garrick, alikuwa amebaki bila makao. Katika toleo la 123 la The Flash, mwandishi Gardner Fox na mchoraji Carmine Infantino waliwakutanisha Jay na Flash mpya, Barry Allen, kwa kueleza kwamba kila mmoja anaishi katika dunia yake. Wasomaji walipenda. Mwaka 1963 vikosi viwili vya mashujaa, kimoja kwa kila dunia, vilikutana kupambana na wahalifu walioungana kutoka pande zote mbili, na mkutano wa namna hiyo ukawa desturi ya kila mwaka. Mwaka 1964 ikaja dunia ya tatu, ambako watu wenye nguvu kama za Superman na Batman ni majambazi watupu.

Marvel nao hawakulala. Stan Lee na Jack Kirby walimleta Kang kwa mara ya kwanza katika The Avengers toleo la 8, mwaka 1964. Mwaka mmoja nyuma walikuwa wamemleta Rama-Tut, msafiri wa wakati aliyejifanya farao wa Misri, na muda mfupi baadaye akaja mzee Immortus. Waandishi waliofuata waliwaunganisha wote watatu wakawa mtu mmoja katika hatua tofauti za maisha yake. Kuanzia hapo Kang aliweza kushindwa leo na kurudi kesho bila mwandishi kuhangaika kueleza amefufukaje.

Mwalimu mkuu wa kuandaa adui mapema, hata hivyo, alikuwa Marv Wolfman. Mwaka 1982 alianza kumpitisha mtu wa ajabu aitwaye Monitor katika majarida ya DC, akiwauzia wahalifu silaha huku uso wake ukifichwa. Msomaji aliyemwona hapa akamwona na pale alianza kujiuliza. Jibu lilikuja katika Crisis on Infinite Earths, matoleo 12 ya mwaka 1985 na 1986 yaliyochorwa na George Pérez, ambamo Anti-Monitor, hasimu wa Monitor, aliangamiza ulimwengu mmoja baada ya mwingine. Barry Allen alikufa, Supergirl akafa, na mwisho ikabaki dunia moja tu. Maandalizi ya miaka mitatu yalilipwa kwa mwisho wa kweli, na ndiyo sababu wasomaji wanakizungumzia kitabu hicho hadi leo.

Sinema ilijifunza nusu ya somo hilo. Adui aitwaye Thanos aligeuka na kutabasamu katika kipande kifupi ndani ya majina ya mwisho ya The Avengers mwaka 2012, na watazamaji wakamsubiri miaka sita. Alipofika katika Infinity War, mwaka 2018, filamu ilikuwa yake: alikuwa na nia, alikuwa na huzuni, na alishinda. Mwaka uliofuata, katika Endgame, Thor alimkata kichwa mapema kabisa, kisha akaja Thanos mwingine kutoka mwaka 2014, ambaye hakuwahi kukutana na mashujaa hao. Filamu hiyo ilikusanya takriban dola bilioni 2.8 duniani kote. Mtazamaji hakulalamika kuhusu Thanos wa pili kwa kuwa vita naye ilimalizwa palepale.

Nyuma kidogo, mwaka 2018, Spider-Man: Into the Spider-Verse ilionyesha kwa ustadi zaidi namna ya kumkamilisha adui ndani ya filamu moja. Kingpin anajenga mtambo wa kupasua mipaka ya malimwengu kwa sababu moja: mkewe na mwanawe wamekufa, naye anataka wengine wa ulimwengu mwingine. Sababu hiyo inaeleweka na mtoto wa miaka kumi. Miguel O'Hara, anayefungua njia ya sehemu ya pili, anasubiri hadi majina yapite. Filamu ilitwaa Oscar ya katuni bora.

Kang hakupewa nafasi hiyo. Ant-Man and the Wasp: Quantumania ilitoka Februari 2023 ikiwa na kazi ya kumfanya Kang, aliyeigizwa na Jonathan Majors, aogopwe. Badala yake alilemewa na jeshi la siafu, kisha akashindwa na Scott Lang, yaani Ant-Man, na wenzake. Baada ya hapo kikaja kipande kinachoonyesha uwanja uliofurika maelfu ya Kang wakipiga kelele. Idadi ilitolewa mahali palipohitajika tishio. Kama mmoja ameshindwa na Ant-Man, maelfu wanatisha kwa lipi? Mauzo yaliishia takriban dola milioni 476, kiasi kidogo kwa filamu iliyobeba mustakabali wa mfululizo mzima.

Desemba 2023 baraza la mahakama huko New York lilimtia Majors hatiani kwa shambulio na usumbufu dhidi ya aliyekuwa mpenzi wake, na siku hiyohiyo Marvel ikaachana naye. Filamu iliyotangazwa kwa jina la The Kang Dynasty ikapotea. Julai 27, 2024, jukwaani San Diego, Robert Downey Jr., aliyekuwa Iron Man kwa zaidi ya muongo mmoja, alivua barakoa na kutangazwa kuwa Doctor Doom.

Doom ana msingi ambao Kang wa sinema hakuwa nao. Katika kitabu cha katuni cha Secret Wars cha mwaka 2015, kilichoandikwa na Jonathan Hickman, malimwengu yanapogongana na kufutika, Doom ndiye anayeokoa mabaki na kuyatawala kama mungu. Ni mhalifu na mwokozi kwa pamoja, na lengo lake halihitaji mtazamaji asubiri sehemu inayofuata ili alielewe.

Avengers: Doomsday imepangwa kutoka Desemba 18, 2026, na filamu ya Secret Wars mwaka mmoja baadaye. Hatari ni kwamba filamu ya kwanza itageuzwa tangazo la ya pili, kama ilivyokuwa Quantumania. Doomsday inahitaji kumpa Doom jeraha lake, ushindi wake na gharama yake kabla taa za ukumbi hazijawashwa, ili hata asiyenunua tiketi ya mwaka 2027 awe ameona hadithi nzima.