Risasi Mbili na Kisu Ambacho Hakikuletwa

Magazeti yetu huandika kwamba mtu "alipatikana na bunduki". Maneno hayo hayasemi kama aliijua. Nilipokuwa nikikaa bwenini na wenzangu watatu, chini ya kitanda changu palikuwa na begi la mmoja wao ambalo sikuwahi kulifungua. Polisi wangelifungua, mimi ningepatikana na nini?

Jibu liko katika kifungu cha 4 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, sheria ya tangu ukoloni. Umiliki hauishii mfukoni. Ni pia kitu unachojua kiko mikononi mwa mwingine, au ulichonacho mahali popote, pawe pako pasiwe pako, kwa matumizi yako au ya mwingine. Na watu wakiwa wawili au zaidi, akishika mmoja kwa ujuzi na ridhaa ya wenzake, wameshika wote. Kulala chumba kimoja si ujuzi, na kujua tu bado si kuridhia.

Lakini ujuzi hauonekani kwa macho. Huokotwa kwenye vitu vidogo: silaha ilifichwa wapi, ufunguo ni wa nani, imeviringishwa kwenye shati la nani. Na hayo yote hufika mahakamani kupitia mdomo wa askari aliyepekua.

Ndiyo maana huirudia kesi ya Kuruma mwana wa Kaniu, ingawa yake ilihusu mfuko wake mwenyewe, si nyumba ya watu wengi. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, risasi peke yake ikitosha kumnyongesha mtu. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa miaka ile, wengi wao bila kushtakiwa kwa kuua. Kuruma alisimamishwa na baiskeli yake kwenye kizuizi cha barabarani. Askari wakadai wamemkuta na risasi mbili na kisu kidogo. Alikana. Hawakuwa na cheo kilichotakiwa na kanuni ili kumpekua. Kisu hakikuletwa mahakamani, na watu waliosemekana kushuhudia upekuzi hawakuitwa. Wazee wa baraza watatu, wote, walishauri aachiliwe. Hakimu akamhukumu kifo.

Rufaa ilifika London, kwenye Baraza la Privy. Mwishoni mwa 1954 Lord Goddard alieleza kwamba ushahidi ukiwa unahusu shauri, mahakama haiulizi ulipatikanaje. Wanasheria huitaja kesi hii kwa kanuni hiyo tu. Mimi wa historia hukwama kwenye kisu, na nadhani hata waheshimiwa wale walikwama hapo, kwa sababu walikiri kuna mambo ya ukweli yaliyowatia wasiwasi. Wakasema yatafikishwa kwa Waziri wa Makoloni. Rufaa wakaitupa.