Gharama ya Matibabu Bulla Pesa: Kutoka Ada hadi Bima

Historia ya ugharimiaji wa afya katika Bulla Pesa, wadi ya mji wa Isiolo, imefuata mkondo wa sera za Kenya, ambapo ada za hospitali za serikali zilizofutwa mwaka 1965 zilirejeshwa Desemba 1989 kwa jina la uchangiaji gharama, yaani mgonjwa kulipia sehemu ya matibabu yake. Baada ya ugatuzi wa mwaka 2013 kuikabidhi kaunti hospitali zake, Isiolo, pamoja na Kisumu, Nyeri na Machakos, iliteuliwa kufanyia majaribio afya kwa wote, mpango uliozinduliwa Desemba 2018 na kuondoa ada hizo, huku serikali kuu ikifidia pengo. Majaribio hayo, kwa bahati mbaya, yalikuwa yamemalizika Korona ilipothibitishwa nchini Machi 2020.

Baada ya janga, sheria za mwaka 2023 ziliviruhusu vituo vya umma kubaki na mapato yao na kuanzisha bima mpya ya jamii, ambayo huwadai hata wafugaji na wachuuzi wasio na mshahara michango ya kila mwaka. Mfumo unaotegemea kipato kinachoyumba kila ukame unapoingia hauwezi kuitwa imara.