Kipande, Mshahara na Cheo: Vizuizi vya Mfanyakazi katika Historia ya Kenya



Baada ya hesabu za fedha na habari za misaada, yafaa tukumbushane jambo lililokuwa miongoni mwa asili za vyama kama hiki chetu. Wazee waliotutangulia walipokuja mijini kutafuta kazi, walikuta kwamba bidii peke yake haimpandishi mtu. Twaandika habari hizi si kwa kuchimbua machungu ya kale, bali kwa sababu vijana wetu wangali wakiuliza mbona wametumika miaka mingi wala hawajapata cheo. Swali hilo lina historia, na hapana budi ijulikane.

Kizuizi cha kwanza kilikuwa kipande. Sheria ya kuwaandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya kwanza, katika miaka ya 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alipaswa kuchukua karatasi yenye jina lake, kabila lake na alama za vidole vyake. Karatasi hiyo iliwekwa ndani ya kikebe cha chuma, nacho kikavaliwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikiita mbugi, yaani kengele afungwayo mbuzi.

Lakini aibu ya kamba shingoni haikuwa ndiyo madhara makubwa. Katika karatasi ile mwajiri aliandika aina ya kazi, siku ya kuanza, mshahara, na siku ya kuondoka, kisha akatia sahihi yake. Tazameni jinsi jambo hili lilivyomfunga mtu. Mpishi aliyetaka mshahara bora alikwenda kwa bwana mwingine, na yule bwana alikisoma kipande kabla ya kusema neno. Akishajua kiasi alichozoea kupokea mpishi huyo, hakuona sababu ya kumwongeza. Na kama bwana wa kwanza alikataa kutia sahihi, mlango wa kazi nyingine ulikuwa umefungwa. Aliyeondoka bila ruhusa kabla ya kumaliza mkataba alihesabiwa mtoro, akashitakiwa kama mhalifu. Ujuzi wa mtu ulikuwa mikononi mwake, lakini habari zake zilikuwa katika kalamu ya mwingine.

Haishangazi basi kwamba miongoni mwa watu wa kwanza kuinua sauti alikuwa mfanyakazi wa ofisi. Harry Thuku alikuwa mpokea simu katika ofisi ya hazina ya Serikali, Nairobi. Mwaka 1921, walowezi walipoazimia kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, aliwakusanya watu kuupinga upunguzaji huo pamoja na kipande. Alipoteza kazi yake. Na tarehe 14 Machi 1922 alikamatwa. Siku mbili baadaye umati uliokusanyika kudai afunguliwe ulipigwa risasi, watu wengi wakafa, akiwamo mwanamke shujaa Mary Muthoni Nyanjiru. Thuku mwenyewe alipelekwa uhamishoni Kismayu.

Kizuizi cha pili kilikuwa mshahara uliopimwa kwa rangi. Katika utumishi wa Serikali zilikuwako ngazi tatu: ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika, na mtu hakuhama kutoka ngazi yake hata kama kazi yake ilikuwa moja na ya jirani yake. Tume ya Holmes, iliyochunguza mishahara ya Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1947 na 1948, iliikubali kanuni ya kwamba katika vyeo vya juu asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu. Kwa hiyo hata yule mmoja aliyefika juu alikumbushwa kila mwisho wa mwezi alikotoka.

Huko chini hali ilikuwa mbaya zaidi. Kibarua wa mjini alilipwa kama mtu asiye na mke wala watoto, kana kwamba jamaa yake italishwa na shamba lililobaki nyumbani. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, wa bandarini, wa reli, wa mahotelini na wa majumbani, waligoma kwa pamoja. Kiongozi wao mkuu, Chege Kibachia, alikamatwa Agosti mwaka ule ule, akapelekwa Baringo. Mwaka huo huo sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote ilipitishwa, ikawa mwisho wa kipande cha kale. Na mwaka 1954 kamati ya Bwana Carpenter ilikiri kwamba mshahara wapaswa kumtosha mtu mzima pamoja na jamaa yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka 1954 pia Tume ya Lidbury ilipendekeza mishahara ya Serikali isipimwe tena kwa rangi, ingawa maofisa waliotoka ng'ambo waliongezewa posho ya kuwavutia. Hata hivyo, kizuizi kikiondoka katika vitabu vya Serikali hakiondoki papo hapo machoni mwa watu. Marehemu Tom Mboya, aliyekuwa mkaguzi wa afya katika Baraza la Nairobi, ameeleza katika kitabu chake jinsi mwanamke wa Kizungu alivyoingia chumba alichokuwa akifanyia kazi, akamtazama, kisha akauliza kama hapakuwa na mtu.

Kizuizi cha tatu kilikuwa mafunzo. Shule ya kwanza ya sekondari kwa Waafrika wa Kenya, Alliance, ilifunguliwa mwaka 1926, nayo ilipokea wachache. Chuo cha kuwafundisha Waafrika uongozi wa Serikali kilianzishwa Kabete mwaka 1961, wakati Uhuru ulikuwa mlangoni. Mtu aliyenyimwa mafunzo miaka 40 aliambiwa kisha kwamba hana ujuzi.

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, ngazi za rangi zilikwisha, lakini vizuizi vingine vikachukua nafasi: kujuana, ukabila, na hongo. Wanawake nao walikuwa na mzigo wao. Sheria ya Kazi ya mwaka 1976 ilimpa mama mzazi likizo ya miezi miwili, lakini akapoteza likizo yake ya mwaka. Sheria ya mwaka 2007 imempa miezi mitatu yenye mshahara kamili bila kupoteza ile nyingine, tena yakataza ubaguzi katika kuajiri, kufundisha na kupandisha cheo.

Katika sheria hiyo hiyo mna kifungu cha 51, nacho twataka kila mwanachama akifahamu. Mtu aliyetumika majuma manne au zaidi, aondokapo ni lazima apewe cheti cha utumishi. Cheti hicho kitaje mwajiri na anwani yake, mfanyakazi, siku ya kuanza na ya kuondoka, aina ya kazi na mahali pake. Mshahara haumo katika orodha hiyo. Mwajiri anayekataa kukitoa, au anayeandika neno ambalo ajua ni la uongo, ametenda kosa. Basi karatasi iliyokuwa kamba ya shingo imekuwa haki ya mfanyakazi.

Twamalizia kwa mambo mawili. Kwa vijana: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Jifunzeni, ombeni kujua cheo hupatikana kwa kipimo gani, dai cheti chako kila uondokapo, wala usidai peke yako panapo wenzio. Kwa wazee: wengi wetu leo tuna maduka, mashamba na watumishi wa nyumbani. Kalamu iliyowaandika baba zetu sasa imo mikononi mwetu. Yule msichana atupikiaye na yule kijana atulishiaye ng'ombe, watakapoondoka kwetu kwenda mbele, wakute tumewaandikia kweli yao, tena kwa sahihi tusiyoionea haya.