Tezi Dume na Nguvu za Kiume: Mambo Yanayompasa Baba wa Familia Kuyajua



Katika kuwatembelea wagonjwa majumbani, padre hukutana mara kwa mara na baba wa familia ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiamka usiku mara nne au tano kwenda kukojoa, asimweleze mtu. Alidhani ni uzee tu. Alipofika hospitalini, ugonjwa ulikuwa umekwisha kuingia mifupani. Mwingine huficha jambo la namna nyingine: ameshindwa tendo la ndoa, akahamia chumba kingine, na mkewe akabaki akiamini kwamba kuna mwanamke wa nje. Wa kwanza aibu imemnyima uhai. Wa pili imemnyima amani ya nyumba. Kwa hiyo tuyaseme mambo haya kwa uwazi na kwa heshima.

Tezi dume na magonjwa yake

Tezi dume ni kiungo kidogo, chenye uzito wa gramu 20 hivi kwa kijana, kilicho chini ya kibofu cha mkojo na kuuzunguka mrija wa mkojo. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kwa kuwa imeuzunguka mrija huo, tezi ikikua huubana, na ndipo shida ya mkojo huanza.

Magonjwa yake makuu ni matatu. La kwanza ni uvimbe unaotokana na maambukizi, ambao huweza kuleta homa na maumivu ya kinena, na hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria. La pili ni kutanuka kwa tezi kusiko saratani. Hili huwapata wanaume wengi kadiri umri unavyosonga: yapata nusu ya walio katika miaka ya hamsini, na wengi zaidi baada ya themanini. Dalili zake ni kwenda haja ndogo mara kwa mara, hasa usiku, mkojo kuchelewa kuanza, kutoka kwa nguvu kidogo, na kudondoka matone baada ya kumaliza. Mkojo ukiziba kabisa, hiyo ni dharura. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Mwenye tatizo hili ajihadhari na baadhi ya dawa za mafua, kwa sababu zaweza kuuziba mkojo.

La tatu ni saratani ya tezi dume. Tezi iliyotanuka haigeuki kuwa saratani, ingawa mtu mmoja aweza kuwa na yote mawili. Hatari ya saratani hii ni kwamba mwanzoni mara nyingi haina dalili yoyote. Maumivu ya mgongo na nyonga, damu kwenye mkojo na kukonda mara nyingi huja wakati imekwisha kusambaa. Anayengoja dalili huenda anangoja kuchelewa.

Vipimo

Kipimo cha damu kiitwacho PSA hupima protini inayotoka kwenye tezi dume. Kikiwa juu, si lazima iwe saratani. Kutanuka kwa tezi na maambukizi pia hukipandisha. Inafaa kujizuia na tendo la ndoa kwa siku mbili kabla ya kupima. Pamoja na damu, daktari aweza kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Wengi hukimbia hospitali kwa kuogopa jambo hili, ilhali huchukua muda mfupi sana na halimpunguzii mtu uanaume wake. Pakiwa na shaka, huchukuliwa kinyama kidogo cha tezi, na hapo tu ndipo saratani huthibitishwa.

Shirika la Saratani la Marekani hushauri kwamba Wamarekani wenye asili ya Afrika, pamoja na yeyote ambaye baba yake au ndugu yake wa kuzaliwa aliugua saratani hii kabla ya miaka 65, wazungumze na daktari kuhusu kupima tangu miaka 45. Kwetu sisi ni busara kuufuata umri huo. Hapa Tanzania saratani hutibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na pia Bugando, Mwanza, hospitali iliyo chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki.

Upungufu wa nguvu za kiume

Kushindwa mara moja kwa sababu ya uchovu au mawazo si ugonjwa. Ugonjwa ni kushindwa kunakorudiarudia kwa miezi. Utafiti uliofanyika Massachusetts, Marekani, na kutangazwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba yapata nusu ya wanaume wa miaka 40 hadi 70 walikuwa na tatizo hili kwa kiwango fulani. Ndugu, hauko peke yako.

Sababu zake nyingi ni za mwili: kisukari, shinikizo la damu, unene, sigara, pombe, baadhi ya dawa, na upasuaji wa tezi dume. Nyingine ni za moyo na akili: sonona, madeni, ugomvi wa nyumbani. Jambo kubwa la kukumbuka ni hili: mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ile ya moyo, hivyo huanza kuziba mapema. Kupungua kwa nguvu za kiume kwaweza kuwa onyo la ugonjwa wa moyo miaka kadhaa kabla haujatokea. Anayekwenda kutibiwa aibu yake huenda anaokoa maisha yake.

Kwa sababu hiyo ni hatari kukimbilia unga na mizizi inayouzwa mitaani kwa majina mengi. Baadhi ya bidhaa hizo zimegunduliwa kuchanganywa kwa siri na dawa za hospitali. Dawa hizo zikikutana na zile za maumivu ya moyo za jamii ya naitreti, shinikizo la damu huweza kushuka ghafla na kuua.

Kanisa lasemaje?

Maswali matatu huulizwa. Je, ndoa yangu imevunjika kwa kuwa sasa siwezi? La. Kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa yahusu kutoweza tendo la ndoa kulikotangulia ndoa na ambako ni kwa kudumu. Udhaifu uliokuja baada ya ndoa kukamilika hauigusi hata kidogo.

Je, ni dhambi kukubali matibabu yatakayoondoa uwezo wa kuzaa? Papa Paulo VI, katika waraka Humanae Vitae wa mwaka 1968, namba 15, afundisha kwamba tiba iliyo ya lazima kwa kuponya mwili ni halali hata ikileta utasa, mradi utasa huo wenyewe usikusudiwe.

Je, kwenda hospitali ni upungufu wa imani? Yoshua bin Sira, sura ya 38, humheshimu tabibu kama aliyewekwa na Mungu, na humtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Tena anayekwenda kufanyiwa upasuaji mkubwa amwite padre ampe Mpako wa Wagonjwa. Sakramenti hiyo haiwangojei wanaokata roho peke yao.

Kwa wanandoa

Baba, mweleze mkeo. Ukimya wako yeye huutafsiri kuwa ni kukataliwa. Mama, usimdhihaki wala usimtuhumu kabla ya kumsikiliza; fuatana naye kwa daktari. Upendo mlioahidiana altareni, katika afya na katika ugonjwa, una lugha nyingi, na hapa ndipo ahadi ile hupimwa.

Viongozi wa UWAKA na wa Jumuiya Ndogo Ndogo wamwalike mganga wa zahanati iliyo karibu azungumze na akina baba walau mara moja kwa mwaka. Na wewe uliyetimiza miaka 45 na hujapima, usiusubiri mkutano huo: nenda juma hili ukapime damu, sukari na shinikizo. Mwili huu ni hekalu la Roho Mtakatifu, na anayeutunza huwatunza pia wale wanaomtegemea.